Mgao wa maji na mashine ya boti: ninavyofanya mimi

Mkuu, umeuliza kama kipindi hiki cha mgao unaweza kuacha kuosha kwa maji matamu ile mashine ya nguvu farasi 40 ya boti yako ya watalii, maana bomba linatoka mara moja kwa wiki na maji ya dumu yanakula faida. Kwa upande wangu, boti yenyewe achana nayo, mashine usiache. Na mashine haitaki maji mengi kiasi hicho.

Mimi niko Kunduchi, na kilichotufungua macho ni mgao wa mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu uliposhuka na DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, ikaanza kutoa maji kwa zamu. Zamani ilikuwa unachomeka mpira, unawasha, unaenda zako kunywa chai. Mpira wa kawaida unatoa lita 15 hadi 20 kwa dakika. Dakika kumi ni zaidi ya lita 150, na mengi yanamwagika pembeni ya yale masikio ya mpira (vikombe viwili vinavyobanwa kwenye matundu ya kuingizia maji) bila hata kuingia ndani. Cape Town mwaka 2018 walipiga marufuku kabisa kuosha magari na boti kwa maji ya kunywa ya jiji. Huku kwetu marufuku ni mfuko wako.

Mashine inajipoza kwa maji ya bahari, nayo yana chumvi kama gramu 35 kwa lita. Ukizima mashine mengi yanashuka, ila yanabaki kidogo kwenye vijia vyembamba na nyuma ya themostati (valvu inayofungulia maji ya kupoza mashine ikipata moto), halafu lile joto la mashine linayakausha. Niliwahi kufungua themostati ya mashine iliyokaa muda mrefu bila kuoshwa: springi imeshikwa na ukoko mweupe, valvu imegoma nusu wazi. Nikauchokoa kwa bisibisi, ukavunjika vipande, na chini yake alumini imeliwa vishimo vishimo. Ndiyo maana nasema wahi. Lita chache kabla mashine haijakauka ndani zinasaidia kuliko pipa zima baada ya siku tatu.

Sasa maji yenyewe. Usianze na maji ya bomba. Kama jirani ana kisima, hata kile cha maji ya chumvi ambacho hakifai kwa chai, chukua hayo kwa raundi ya kwanza. Maji unayoweza kuyaweka mdomoni bila kutema yana chumvi kidogo sana ukilinganisha na ya bahari. Maji matamu weka ya mwisho. Na usidharau maji ya AC. Kwa unyevu huu wa pwani, ukitega ndoo chini ya ule mpira wa nje utashangaa asubuhi, na ni maji yasiyo na chumvi. Vuli ikianza, bati ni kisima chako.

Kugawa raundi mbili kuna hesabu yake. Tuseme ndani ya mashine zimebaki lita 2 za maji ya bahari, yaani gramu 70 za chumvi. Ukizungusha lita 60 kwa mkupuo, unaishia na gramu 1.1 kwa lita. Zigawe 30, mwaga, halafu 30 nyingine: unaishia na gramu 0.14. Maji ni yale yale, usafi ni mara nane. Na yale ya raundi ya pili usimwage! Yafunike, ndiyo ya raundi ya kwanza ya safari ijayo.

Kama mashine yako ina tundu la kuunganishia mpira ubavuni, una bahati. Chukua ile pampu ndogo ya volti 12 ya kutolea maji ndani ya boti, itumbukize kwenye beseni, unganisha na tundu, na maji yanayoshuka chini yakinge yarudi humo humo. Kwa njia hii mashine ibaki imezimwa. Ukiiwasha, impela (ile feni ya mpira inayovuta maji) inaweza kuzunguka kavu, na mpira wake unategemea maji kulainika.

Kama haina, ni pipa. Mashine ya 40 haienei kwenye ndoo. Kata pipa la lita 200, toa propela, shusha mashine ndani, jaza mpaka maji yapite lile bamba lililo juu ya propela. Hapo zinakwenda lita mia na kitu. Ili kupunguza, tia madumu ya lita 10 yaliyojaa mchanga, yafunge vizuri, yapange pembeni. Kila dumu linakuokolea lita 10. Gia iwe huru, iache kwenye sailensa (mzunguko wa chini kabisa), usipige resi, na fanya hivyo mahali pa wazi kwa sababu ya moshi. Iachie ipate moto kidogo, maana themostati isipofunguka umeosha nusu. Maji ya pipa nayo yanapata moto, kwa hiyo dakika tano kwa raundi zinatosha. Ile michirizi ya oili inayoelea, hasa kwa stroku mbili, itoe kwa tambara kabla hujayahifadhi, na usiyamwage karibu na kisima.

Ukimaliza, iache imesimama wima mpaka iache kudondoka. Wengi wanainua mashine haraka ili waondoke, maji yanabaki humo humo. Ndani ya kofia, yaani kifuniko cha juu cha mashine, usipige maji kabisa. Tambara lenye maji matamu, lililokamuliwa, halafu kavu, linatosha. Na wale wanaopaka dizeli kila mahali, mpira na sili hazipendi dizeli, mtanunua sili.

Kuhusu bodi, faiba haidhuriki na chumvi. Sugua kwa maji ya bahari na brashi, kisha futa kwa tambara lenye maji matamu sehemu za chuma tu: bawaba, swichi, vichwa vya betri. Boti ya mbao ndiyo kabisa, maji ya bahari yanaifaa zaidi, kwa sababu maji matamu yanayotuama kwenye mbao ndiyo yanayoleta kuoza. Wazee wa ngalawa hawajawahi kununua dumu kwa kazi hiyo. Maji uliyookoa yapeleke kwenye tela, kwenye beringi na breki, kama unaizamisha baharini kushusha boti.

Siku zenye safari mfululizo, leo na kesho asubuhi, mimi huwa siioshi jioni ile, kwani haipati muda wa kukauka vizuri. Nikijua italala zaidi ya siku mbili, inaoshwa siku hiyo hiyo, hata kama dumu limepanda bei. Wa Mwanza na Kigoma endeleeni kutucheka, nyie shida yenu ni mchanga na magugu.

Tupia picha ya ubavu wa mashine nikuonyeshe kama tundu lipo. Kwenye baadhi ni skrubu tu yenye washa, mtu anaweza kukaa nayo miaka asijue kazi yake.