Sili ya nyuma ya Beetle 1300: usiipige kabla hujapima plei ya krenki

Mkuu, weka nyundo chini kwanza. Umesema Jumamosi unafunga injini ya Volkswagen Beetle yako ya 1970, bloku limetoka kuchongwa na beringi zote ni mpya. Unataka upige sili (pete ya kuzuia oili isivuje) ya krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, upande wa flaiwili, lile gurudumu zito linalofungwa mwishoni mwake, kisha urudishe shimu tatu za zamani, yaani zile pete nyembamba za chuma zinazokaa kati ya flaiwili na beringi, "maana ndizo zake", halafu ukaze flaiwili. Umeuliza uchukue sili nyeusi au ya rangi ya chungwa, na uanze na oili gani. Rangi ya sili na oili vitasubiri. Hapo kwenye shimu ndipo roho imeniruka.

Shimu hazina "zake". Zile tatu zilichaguliwa kwa bloku lilivyokuwa zamani na beringi iliyokuwemo. Ukishachonga bloku na kuweka beringi namba moja mpya, kipimo chote kimehama. Krenki ya injini hii inatakiwa icheze mbele na nyuma, na huko kucheza ndiko plei, kati ya milimita 0.07 na 0.13. Ikifika 0.15 imeshachoka. Na kinachoishika isisogee ni beringi moja tu, ile namba moja ya upande wa flaiwili, yenye ukingo pande zote mbili.

Sasa ukikosa plei kabisa, injini ikiwa ya baridi unaizungusha kwa mkono na unaona iko safi. Ikishika moto, ukingo wa beringi unabanwa, oili haipiti, unaanza kukwaruzika. Plei ikizidi nako, kila ukikanyaga klachi krenki inasukumwa, flaiwili inagonga beringi na beringi inagonga bloku. Bloku la Beetle ni la aloi ya magnesiamu, laini, likishapanuliwa hapo huponi bila kulirudisha kwa mtu wa mashine. Na mdomo wa sili unasuguliwa huku na huku mpaka oili inafika kwenye klachi. Hapo utaambiwa "sili mbovu, lete nyingine".

Hivyo ndivyo tulivyoliwa hela kwenye gari la mzee wangu. Fundi aliyefunga injini ile, mtu wa makamo anayeheshimika mtaa mzima, alisema kupima ni mambo ya vitabuni, yeye anasikia kwa mkono. Oili ikavuja. Akabadilisha sili. Ikavuja. Akapaka silikoni nyekundu kuizunguka sili kama mtu anayesiliba ukuta. Ikavuja vilevile, na sasa vipande vya silikoni vikawa vimelala kwenye chujio la waya chini ya injini. Injini hii haina filta ya oili, chujio lile ndilo pekee, likiziba unaua kila kitu. Tulipoifumua tena, mdomo wa sili ulikuwa mzima kabisa. Ukingo wa beringi namba moja ndio ulikuwa umeliwa, na bloku limechimbika. Gharama ya kuchonga upya ilizidi bei ya sili kwa mbali mno, na yule bwana hakurudisha hata shilingi. Bado inaniuma, maana kipimo chenyewe hakimalizi nusu saa.

Kwa hiyo fanya hivi. Sili isiwepo kabisa. Weka shimu mbili tu, funga flaiwili, kaza ile nati kubwa ya 36 mpaka pauni-futi 217, kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, siyo kwa bomba na kubahatisha. Funga geji ya mshale, ile saa inayosoma sehemu ndogo za milimita, kwenye bloku, ncha yake iguse uso wa flaiwili, sukuma na uvute flaiwili, usome. Tuseme umepata milimita 0.44. Toa 0.10 unayoitaka, inabaki 0.34, basi hiyo ndiyo shimu yako ya tatu. Zinauzwa kwa tofauti ndogondogo, 0.24, 0.30, 0.32, 0.34, 0.36. Lazima ziwe tatu. Usiweke mbili nene, usiongeze ya nne. Ukishaweka ya tatu pima tena uhakikishe.

Baada ya hapo ndipo sili inaingia. Safisha kingo za tundu lake, mdomo wenye springi uangalie ndani ya injini, uisukume taratibu ikae sawa pande zote, usiipige upande mmoja. Pitisha ukucha kwenye shingo ya flaiwili pale sili inapokalia, ukisikia mfereji hata sili ya dhahabu itavuja. Badilisha pia ile oringi, pete ya mpira iliyo ndani ya flaiwili. Wengi wanaisahau halafu wanailaumu sili. Na ukiona oili kwenye klachi inusie kwanza, ya giaboksi ina harufu kali ya salfa na hiyo ni kesi nyingine kabisa.

Watu wanasema Volks haifi, wanataja Safari Rally ya 1954, 1957 na 1962 ilizoshinda. Kweli ilishinda. Lakini gari la ushindani halifungwi kwa kusikia kwa mkono.

Kama huna geji ya mshale, azima kwa mtu wa mashine aliyekuchongea bloku, hawezi kukosa. Ukipima na shimu mbili, leta namba uliyosoma hapa pamoja na picha ya shingo ya flaiwili kabla ya Jumamosi. Ikitoka chini ya 0.31 hata ukiwa umeweka shimu mbili nyembamba kabisa, usitafute shimu nyembamba ya kienyeji wala usisugue yoyote kwa msasa. Rudisha bloku kwa aliyelichonga, mpime wote wawili ukingo wa beringi namba moja.