Kodi ya zuio ya fremu: ni ya mwenye nyumba, lakini TRA wanakudai wewe

Mkuu, umeeleza kwamba umepanga fremu (chumba cha duka) Ngamiani, hapa Tanga, kwa mkataba wa mwaka mmoja, Sh 250,000 kwa mwezi, na umeshalipa miezi sita kwa mkupuo. Umekwenda TRA kukadiriwa ili upate cheti cha uthibitisho wa ulipaji kodi kwa ajili ya leseni ya Halmashauri ya Jiji. Afisa akauona mkataba, akakwambia kuna asilimia 10 ya kodi ya zuio na asilimia 1 ya stempu. Mwenye nyumba anasema hayamhusu, hela yake ameshapokea. Unauliza kama unaonewa.

Huonewi, ila umebebeshwa kodi ya mtu mwingine, na njia ya kuirudisha ipo.

Kodi ya zuio kwenye pango ni kodi ya mapato ya mwenye nyumba. Wewe umewekwa katikati kama mkataji tu. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura 332, inamtaka anayelipa pango kwa ajili ya biashara yake azuie asilimia 10 ya pango, aiwasilishe TRA, na kinachobaki ndicho ampe mwenye nyumba. Usipoikata, sheria hiyo hiyo inasema utailipa mwenyewe kana kwamba uliikata, kisha una haki ya kumdai uliyepaswa kumkata. Wapangaji wengi wanaishika nusu ya kwanza tu, ya kulipa. Nusu ya pili, ya kumdai mwenye nyumba, wanaiacha ipite, na kila baada ya miezi sita wanajikuta wanalipa upya kutoka mfukoni.

Hesabu yako ni hii. Miezi sita kwa Sh 250,000 ni Sh 1,500,000. Zuio ni Sh 150,000. Siku ya kulipa ulitakiwa umpe mwenye nyumba Sh 1,350,000, na ile 150,000 uipeleke TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi wa malipo kwisha. Aliyelipa pango tarehe 20 Machi anatakiwa awe ameshapeleka zuio kufikia tarehe 7 Aprili. Angalia hapo: zuio linahesabiwa kwa fedha uliyotoa, yote, siku uliyoitoa. Ukilipa miezi sita kwa pamoja, zuio la miezi sita linadaiwa kwa pamoja. Haligawanywi mwezi kwa mwezi. Ukichelewa, riba inapanda kila mwezi, na riba hiyo ni yako wewe uliyechelewa. Usitarajie mwenye nyumba akubali kuibeba.

Kwa kuwa umeshampa hela yote, lipa zuio sasa ili riba isimame. Ingia kwenye akaunti yako ya mlipakodi kwenye mtandao wa TRA au nenda dirishani, utoe namba ya malipo ya kodi ya zuio ya pango, ulipie benki au kwa simu. Utahitaji TIN (namba ya mlipakodi) ya mwenye nyumba, na hapa ndipo panapokwama mara nyingi, maana wengine hawana na wengine hawataki kuitoa. Mwambie TIN haiuzwi, inatolewa bure kwa namba yake ya NIDA. Mweleze pia kwamba bila TIN yake malipo hayasomeki kwake, na siku TRA wakimfuata kuhusu mapato ya nyumba hatakuwa na cha kuonyesha. Ukishalipa, chukua hati ya kodi ya zuio na umpe nakala. Karatasi hiyo ina faida kwake kuliko kwako, na mwenye nyumba akishaielewa huwa analegea.

Kisha mwandikie barua fupi, yenye tarehe, kwamba umelipa Sh 150,000 kwa niaba yake na utaikata kwenye awamu ijayo. Awamu ya pili ikifika, pango ni 1,500,000. Unatoa zuio la awamu hiyo 150,000, na unatoa ile 150,000 uliyotangulia kumlipia. Mkononi anapokea 1,200,000, na TRA unapeleka 150,000. Usikate kimya kimya. Mpangaji akipunguza hela bila maandishi, mwenye nyumba anahesabu kuwa umebakiza deni, na kufuli la pili linaweza kuning'inia mlangoni kabla hamjaelewana.

Sasa kuna wenye nyumba wanaosema, "Mimi nataka laki mbili na nusu mkononi, ya TRA utajua mwenyewe." Hayo ni makubaliano ya bei na mnaweza kukubaliana hivyo, lakini jua unachokubali. Ili abaki na Sh 250,000 baada ya asilimia 10 kutoka, pango halisi ni 250,000 gawanya kwa 0.9, yaani Sh 277,778. Zuio ni 27,778 kwa mwezi. Kwa miezi sita ni 166,667, si 150,000. Kwa mwaka fremu hiyo inakugharimu Sh 3,333,333, si 3,000,000. Kabla ya kusema ndiyo, ilinganishe na fremu ya jirani ukiwa na tarakimu hiyo kichwani. Unaweza kukuta ile ya Makorora uliyoiona ghali ilikuwa nafuu.

Dawa ya yote haya ni sentensi mbili kwenye mkataba, ziandikwe kabla ya kusaini: "Pango ni Sh 250,000 kwa mwezi kabla ya kodi ya zuio. Mpangaji atakata kodi ya zuio kwa kiwango cha sheria, ataiwasilisha TRA kwa TIN ya mwenye nyumba na kumpa hati yake." Mikataba ya kununua dukani, ile ya kujaza nafasi, mara nyingi haina sentensi hiyo, na baadhi yake imeandikwa "kodi zote zitalipwa na mpangaji". Futa maneno hayo, msaini wote pembeni.

Stempu ni suala jingine na ni dogo. Ushuru wa stempu kwenye mkataba wa pango ni asilimia 1 ya pango la mwaka. Kwako ni Sh 30,000. Inatakiwa ilipwe ndani ya siku 30 tangu mkataba kusainiwa, na kwa desturi huwa ni ya mpangaji. Usiidharau kwa udogo wake. Mkataba usiolipiwa stempu haupokelewi mahakamani kama ushahidi mpaka ushuru na adhabu vilipwe, kwa hiyo siku mwenye nyumba akikutoa kabla ya muda ndipo utakapokumbuka elfu thelathini. Mkihuisha kwa mkataba mpya, huo ni waraka mpya na unalipiwa upya.

Nije kwenye jambo linaloumiza wapangaji hapa mjini kuliko kodi yenyewe: mikataba miwili. Mmoja wa kweli wa Sh 500,000, mwingine wa kupeleka TRA wa Sh 150,000, na wanaoupendekeza wanakwambia kila mtu anafanya hivyo. Tazama kinachotokea. Ulilipa mwaka mzima, Sh 6,000,000. Mwezi wa tano mwenye nyumba anauza jengo na mnunuzi anataka fremu zake. Unadai urudishiwe miezi saba, Sh 3,500,000. Mkataba wenye stempu unasema 150,000 kwa mwezi, kwa hiyo mwenye nyumba anakuja na hesabu ya Sh 1,050,000. Ukiutoa ule mwingine, hauna stempu, na umejitangaza kwamba ulidanganya TRA. Mkataba uwe mmoja, wenye bei ya kweli, na malipo yapite benki au kwenye simu ili yaache alama.

Kilemba, yaani hela ya kuingilia fremu, nacho kina mtego wake. Sheria inaposema pango inajumuisha na malipo ya kuingilia anayotoa mpangaji kwa mwenye mali chini ya mkataba wa upangaji. Kwa hiyo kilemba cha Sh 2,000,000 anachopokea mwenye nyumba ili akupe fremu kinakatwa asilimia 10 kama pango. Kilemba anachopokea mpangaji anayeondoka, kwa sababu ya wateja wake au makabati anayoacha, ni habari nyingine, ila kiandikwe kwenye karatasi yake na isemwe ni cha nini. Mkichanganya vyote kwenye mkataba mmoja wa pango, afisa atakikata chote na hatakuwa amekosea.

Kwa mazingira ya Tanga kuna hali tatu ambazo asilimia 10 peke yake haizijibu.

Ya kwanza ni mwenye nyumba anayeishi nje. Nyumba nyingi za Ngamiani na Chumbageni wenyewe wako Oman au Uingereza, na anayepokea pango ni ndugu. Kinachoangaliwa ni ukaazi wa mwenye mapato, si wa anayepokea hela mlangoni. Asiye mkaazi kwa kodi anakatwa asilimia 15. Ukaazi hauhusiani na pasipoti: mwenye makazi ya kudumu Tanzania aliyekuwepo nchini sehemu yoyote ya mwaka ni mkaazi, na vilevile aliyekaa siku 183 au zaidi ndani ya mwaka. Muulize ndugu yake mapema na uandike jibu kwenye mkataba, kwa sababu ukikata 10 palipotakiwa 15, ile tano inakurudia wewe.

Ya pili ni nyumba ya urithi. Marehemu kaacha nyumba, watoto watano, na wawili wanakuja dukani kila mmoja anataka pango. Hapo zuio si tatizo kubwa. Swali ni nani akipokea unakuwa umelipa. Lipa kwa msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Omba nakala ya barua yake ya usimamizi (ikitoka mahakama ya mwanzo ni Fomu Namba 4) na mkataba uwe kwa jina lake kama msimamizi. Kikao cha ukoo kinapendekeza jina, hakiteui. Muhtasari wa ukoo pekee hautakukinga ndugu wa tatu akija na barua ya mahakama akasema yeye hajalipwa.

Ya tatu ni vizimba na fremu za Halmashauri, kama pale soko la Mgandini. Kwa kawaida mapato ya serikali za mitaa yamesamehewa kodi ya mapato, kwa hiyo ukilipa pango moja kwa moja kwa Halmashauri hukati zuio. Lakini wengi hawajapangishwa na Halmashauri. Wamepangishwa na mtu aliyepewa kizimba. Huyo hana msamaha. Unayemlipa yeye unamkata 10, na hakikisha Halmashauri inaruhusu kupangisha juu ya pango, la sivyo unaweza kutolewa hata kama hudaiwi shilingi.

Kuhusu swali lako la mwisho, kama zuio hilo litapunguza kodi yako: hapana. Ni kodi ya mwenye nyumba, haiingii kwenye makadirio yako. Mauzo yako yakiwa hayazidi Sh milioni 100 kwa mwaka na unakadiriwa kwa mauzo, hata pango lenyewe halipunguzi chochote, kwa sababu kiwango hicho hakiangalii matumizi. Anayeandaa hesabu za faida na hasara ndiye anayetoa pango kama gharama, na yeye aandike pango kamili kabla ya zuio, asiandike kile tu kilichofika kwa mwenye nyumba.

Na ile Sh 1,500 inayokatwa kwenye LUKU kila mwezi ni kodi ya majengo, nayo ni ya mwenye jengo. Ni Sh 18,000 kwa mwaka kwa jengo la kawaida. Weka risiti za umeme na ukubaliane naye aitoe kwenye pango. Kama fremu zenu ziko kwenye jengo moja na kila mita inakatwa, mwenye jengo aombe marekebisho akiwa na namba za mita zote, kwa sababu kodi hiyo inatozwa kwa jengo.

Kama barua ya madai imeshatoka na kiasi si sahihi, mfano wamekuhesabia miezi ambayo fremu alikuwa nayo mpangaji mwingine, una siku 30 tangu kuipokea kuweka pingamizi kwa maandishi kwa Kamishna Mkuu wa TRA. Wakati huohuo unatakiwa kulipa kiasi usichobishania au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kilicho kikubwa. Ambatisha mkataba unaoonyesha siku uliyoingia. Nyaraka zote hizi, hati za zuio, risiti za stempu na za pango, zitunze miaka mitano.