Anaijua sauti yako ya kanisani

*Shangazi, nimeokoka miaka mingi na ninaongoza kikundi cha maombi. Jumatano nina ushirika, Ijumaa kesha, Jumamosi mazoezi ya kwaya, na Jumapili nashinda kanisani. Binti yangu wa miaka 15 ameacha kabisa kwenda ibadani. Juzi nilikuwa namfokea kwa ajili ya vyombo, simu ikaita, nikapokea. Nilipokata nikamsikia ananiigiza mbele ya mdogo wake: "Bwana asifiwe, mpendwa," kwa sauti laini, halafu "We! Vyombo bado tu?" Wakacheka. Baba yao, ambaye hasali, akatabasamu. Mwenzangu wa maombi anasema hivi ni vita, kwamba adui za mtu ni wale wa nyumbani mwake. Je, nisimame imara, au niache huduma?*
*Mama wa Maombi*

Dada yangu mpendwa,

Nianze na huyo mwenzako. Andiko alilokupa lipo, Mathayo 10:36, ila hapo Yesu alikuwa anawaandaa wanafunzi watakaokataliwa kwa ajili ya jina lake. Kwako hakuna aliyekukataza kuomba, wala aliyekufungia mlango usiende ibadani. Binti yako amekuonyesha tu kwamba anazijua sauti zako zote mbili, na kwamba ile nzuri huwa haimfikii yeye. Mtoto wa namna hiyo bado anamtaka mama yake. Tafadhali usimkemee kama pepo.

Hilo la sauti ndilo lililonishika. Aliyekupigia simu ulimpokea kwa upole kwa sababu ulijua ana shida na wewe umeitwa kumhudumia. Ukimtembelea mgonjwa humkatizi maneno, humharakishi, humkumbushi makosa yake ya wiki iliyopita. Karama hiyo unayo, nami naiheshimu sana, maana makanisa mangapi yangesimama bila akina mama kama wewe? Basi binti yako naye aingie kwenye orodha ya watu unaowatembelea. Ingia chumbani kwake simu ukiwa umeizima, keti, muulize habari zake, kisha nyamaza umsikilize. Siku hiyo usifungue Biblia, na usimalizie kwa "haya, tuombe". Najua itakuwia vigumu, lakini atatambua mara moja kama umemjia yeye au umekuja kumrudisha kanisani.

Kabla ya hapo, mwombe msamaha, na mdogo wake awepo, kwa kuwa alikuwepo ulipofoka. "Nilikosea nilivyosema nawe" inatosha. Ukiongeza "lakini na wewe vyombo hukuosha", umeharibu kila kitu.

Unauliza kama uache huduma. Sitaki uiache, nataka uipunguze, na ninalo andiko. Katika Marko 7 Yesu aliwakemea watu waliowanyima wazazi wao msaada kwa kusema mali ile ni Korbani, yaani imekwisha kutolewa kwa Mungu. Yaani Mungu hakutaka sadaka iliyochukuliwa kwa watu waliokuwa na haki nayo. Jioni zako nazo wapo wenye haki nazo. Na uyakumbuke yale ya Eli: alikuwa kuhani Shilo huku wanawe wakiharibikiwa palepale hemani. Samweli alikulia humo, akayaona yote, na bado wanawe mwenyewe wakaja kupokea rushwa, 1 Samweli 8:3. Walikuwa watumishi wa kweli wote wawili. Kumtumikia Mungu kwa bidii hakukutosha kuwalinda watoto wao.

Sikuambii haya ili nikuchape. Wapo wanaomshika mtumishi kooni kwa 1 Timotheo 3, panaposema kiongozi wa kanisa awe na watoto watiifu, kila mtoto wake anapoasi, na hilo halinipendezi, maana mtoto ana hiari yake. Hata ndugu zake Yesu hawakumwamini, Yohana anasema hivyo waziwazi katika 7:5, nao walikuwa wamekua pamoja naye. Baada ya ufufuo ndipo tunawakuta wakidumu katika kusali pamoja na Mariamu mama yake, Matendo 1:14. Kwa hiyo usimwekee binti yako tarehe ya kurudi.

Susanna Wesley, mama wa wahubiri John na Charles wa Uingereza, alikuwa na nyumba iliyojaa watoto, naye aligawa jioni za wiki ili azungumze na watoto wake, karibu kila mmoja peke yake. Zamu ya John ilikuwa Alhamisi. Alipokuwa mtu mzima, mwalimu wa chuo kikuu cha Oxford, alimwandikia mama yake akimwomba sehemu tu ya ile Alhamisi yake. Jioni moja kwa wiki, dada yangu, na wewe una wawili tu.

Kuhusu mume wako umeniandikia sentensi moja, tena ya tabasamu lake. Petro anasema waume wasioliamini Neno huweza kuvutwa na mwenendo wa wake zao, bila neno. Basi na mahubiri ya mezani yapumzike kwanza. Zungumza naye kama mwenzako: muulize ni siku gani nyumba huwa nzito zaidi usipokuwepo. Watoto nao waulize, kila mmoja kwa wakati wake, na usijitetee wakijibu.

Ukishapata majibu yao ndipo uende kwa mchungaji umwambie unakabidhi lipi. Baadhi ya wapendwa watasema umepoa, waache waseme. Mimi kwa mtazamo wangu ningeanza na kwaya, kwa kuwa Jumamosi watoto wanashinda nyumbani na sauti za kuimba hazikosekani. Lakini wao wakitaja Ijumaa, basi iwe Ijumaa, hata kama kesha ndilo unalolipenda kuliko yote.