Kurudi shule ukubwani: kutoka ukarani hadi wodini

Chukua kalamu kabla hujachukua fomu ya chuo. Andika umri wako wa leo, jumlisha miaka ya masomo, jumlisha na muda wa kutafuta ajira, halafu tazama utakuwa umefika wapi. Wengi wanaonitafuta kuniuliza habari hizi huanza na "hivi kweli nitaweza?" Mimi huwarudisha kwenye hesabu kwanza. Kuweza utaweza, lakini kuna mambo yanayokwenda kwa umri, utake usitake.

Matangazo ya ajira za serikali hapa Tanzania huweka sharti kwamba mwombaji awe na umri usiozidi miaka 45, isipokuwa yule ambaye tayari yuko kazini serikalini. Kwa anayeomba mkopo wa masomo, miongozo ya Bodi ya Mikopo imekuwa ikitaja kikomo cha miaka 35. Kustaafu kwa hiari ni miaka 55, kwa lazima 60. Na ili ulipwe pensheni ya kila mwezi unatakiwa uwe umechangia angalau miezi 180, yaani miaka 15 kamili. Anayeanza kuchangia upya akiwa na miaka 44 atafikisha miezi hiyo akiwa na 59, mlangoni kabisa mwa kustaafu. Ndiyo maana namsihi kila mtu: kama ulishawahi kuchangia NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, tunza namba yako ya uanachama na ile michango ya zamani kama unavyotunza cheti cha kuzaliwa.

Mimi nilikuwa karani wa ghala. Nilianza kurudia masomo ya kidato cha nne nikiwa na miaka 36, nikaingia chuo cha uuguzi na 38, nikapata leseni na 42. Mwenye miaka 43 leo asifunge daftari kwa sababu ya niliyoyaandika hapo juu. Sharti la 45 ni la utumishi wa umma; hospitali za mashirika ya dini na za watu binafsi zina taratibu zao, na wauguzi wengi wazuri ninaowafahamu wanafanya kazi huko. Ila ajue mapema kwamba huko ndiko anakoelekea, apange maisha yake kwa kujua hivyo. Na wewe uliye tayari mtumishi wa umma, usijisajili popote kabla hujakaa na afisa utumishi wako. Ruhusa ya masomo iwe ya maandishi, na suala la kubadilishwa kada, yaani kuhamishiwa kazi uliyosomea, ukimaliza liulizwe leo, lisingoje siku ya mahafali.

Baada ya hesabu, ione kazi yenyewe. Kuichoka kazi ya zamani hakutoshi kukupitisha miaka mitatu ya chuo, maana uchovu huo huisha wiki ya pili tu baada ya kuacha kazi, na vitabu bado vipo. Mtafute mtu anayeifanya kazi unayoitamani, mkae siku yake ya mapumziko, umuulize zamu yake ya mwisho ilikwendaje tangu alipoingia hadi alipotoka. Usimuulize kama kazi ni nzuri. Atakujibu kwa heshima tu. Mimi nilimwendea muuguzi jirani yetu aliyekuwa ametoka zamu ya usiku. Akanieleza wodi ya wazazi: wauguzi wawili, kina mama zaidi ya kumi, mmoja anatoka damu nyingi baada ya kujifungua, daktari wa zamu yuko chumba cha upasuaji, na karatasi za kujaza hadi asubuhi. Nilijikuta nataka kujua zaidi: damu ilikoma vipi, nani alimkanda tumbo, dawa gani ilitangulia. Hapo ndipo nilipoamua. Kama maelezo ya namna hiyo yanakufanya utamani kubadilisha mazungumzo, tafuta fani nyingine, na hakuna aibu yoyote katika hilo.

Sasa vyeti. Stashahada ya uuguzi na ukunga inataka ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne yasiyo ya dini, na lazima humo ziwemo Baiolojia, Kemia na Fizikia. Mimi nilikuwa na Baiolojia peke yake katika hayo matatu. Kwa hiyo nilijisajili Baraza la Mitihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili hufanyika miezi ya mwanzo ya mwaka, mtihani ni Novemba, matokeo hutoka Januari. Ukizembea usajili, umepoteza mwaka mzima, na kwa umri wetu mwaka ni mali. Ambaye hakupita sekondari kabisa ataanza na Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT, kisha ndipo aende kidato cha nne. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria ya 1975, ipo kwa ajili ya watu wa namna yetu, na kuna vituo vingi vya jioni mitaani. Ukichagua kituo, ingia uione maabara yao kwa macho yako. Kituo cha Kemia kisicho na hata bureti moja, ule mrija wa kupimia vimiminika, kitakula ada yako na kukuacha pale pale.

Kichwa cha mtu mzima hakikariri haraka kama cha mtoto wa miaka 16. Lakini kina kumbukumbu za kazi, nazo ni mtaji. Kemia ilinikwamisha kwenye moli kwa muda mrefu. Nilichokijua mimi ni mzigo: katoni ngapi ghalani, kila katoni ina pakiti ngapi, kila pakiti gramu ngapi. Siku nilipoelewa kwamba moli nayo ni namna ya kuhesabu vitu vidogo mno kwa mafungu, na kwamba kila fungu lina uzito wake, mahesabu yaliyonitoa machozi yakafunguka jioni moja. Fundi seremala ataiona Fizikia ya nguvu na wenzo kabla ya mwalimu kumaliza sentensi. Mama lishe anaijua ile ya joto na mvuke. Anzia pale unapojua. Nyumbani nilikaa meza moja na mwanangu aliyekuwa kidato cha tatu, tukipokezana kitabu kimoja cha Fizikia, na nadhani alifaulu vizuri zaidi kwa sababu alilazimika kunieleza kila kitu mara mbili.

Kiingereza nacho usikidharau. Miaka mingi ghalani nilifanya kazi kwa Kiswahili, na ghafla mitihani yote, vitabu vyote na majalada yote ya wagonjwa yakawa ya Kiingereza. Mgonjwa atakwambia kifua kinabana na usiku anaamka anatweta. Wewe unatakiwa uandike hivyo kwa lugha ya jalada, kwa sentensi fupi, na mwenzako wa zamu inayofuata aelewe bila kukupigia simu. Anza kusoma kwa sauti na kuandika kila siku, mwaka mmoja kabla ya kuingia chuo. Walioanguka darasani kwetu, wengi walikuwa wanaijua mada vizuri tu, ila hawakulielewa swali.

Kuhusu fedha nitasema wazi, maana hapa ndipo watu wazima wanapoachia njiani. Usilipe ada kwa mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa. Usilipe hata kwa mkopo wa kikoba kama rejesho ni la kila wiki na wewe huna kipato cha kila wiki. Ada ni sehemu tu ya gharama: kuna sare, viatu, vifaa, chumba karibu na chuo au bweni, nauli na chakula unapopangiwa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, wilaya nyingine. Sikuacha kazi mpaka ada ya mwaka wa kwanza yote ilipokuwa benki na mume wangu na mimi tulipokuwa tumeandika kwenye karatasi nani analipa nini kwa miaka mitatu. Kumbuka pia kwamba ukiacha kazi kwa hiari yako, fao la kukosa ajira halikuhusu. Hilo ni la aliyeachishwa.

Kama huwezi kabisa kuacha kazi, uuguzi utakuwia mgumu, kwa kuwa wodi haisomwi kwa mbali. Lakini fani nyingine zinawezekana. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa 1992 kwa ajili hiyo hasa, kina vituo mikoani, na walimu wa shule za msingi na askari wengi wamepata shahada zao za sheria na elimu pale bila kukosa mshahara hata mwezi mmoja. Na fundi aliyejifunzia kazi mtaani aulizie VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, utaratibu wa kurasimisha ujuzi. Anapimwa kwa kile anachokijua tayari, anapata cheti, bila kuanza alifu kwa ujiti.

Jambo ambalo halisemwi sana ni misiba na sherehe. Mtu mzima ana jumuiya, ana vikao vya harusi, ana wagonjwa wa kutazama, na jamii haimhesabu kuwa mwanafunzi. Waite ndugu mapema, waambie: miaka hii mitatu mchango wangu mtaupata, mimi mwenyewe hamtaniona kila mara. Wengine watanuna. Waache wanune, wakiumwa watakuja kukutafuta.

Darasani wataanza kukuita mama au mzee siku ya kwanza. Itikia, ni heshima. Ila usikubali kugeuzwa mlezi wa darasa, wa kutatua ugomvi wa vyumba na kukopesha nauli, halafu usiku wa mtihani ndio unafungua daftari. Ingia kwenye kikundi cha diskasheni cha vijana wanaosoma kweli. Wao wana kasi, wewe una utulivu, na mkikaa pamoja sapu, yaani mitihani ya kurudia, zinapungua pande zote mbili. Na kwa anayeona haya kwa umri wake: baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, kwa miaka kadhaa aliyemaliza kidato cha sita hakwenda moja kwa moja chuo kikuu, alipita jeshini, akafanya kazi kwanza. Mtu mzima aliyetoka kazini ameshakaa sana kwenye madarasa ya nchi hii.

Wodini ndiko nilikojifunza zaidi, na huko umri una hatari yake. Ukiwa na miaka 39 na sare ya mwanafunzi, ndugu wa wagonjwa hawaitazami sare, wanatazama uso. Watampita muuguzi wa zamu mwenye miaka 25, waje kwako: "Mama, hali yake ikoje? Tumpeleke rufaa?" Ukijibu, hata kwa nia njema, umesema kitu ambacho huna mamlaka nacho. Sentensi yangu ilikuwa moja: "Mimi ni mwanafunzi, njooni niwapeleke kwa sista wa zamu." Niliisema hadi ikawa haina uzito mdomoni, na iliniepusha na mengi.

Jingine ni kutegemea uzoefu wa maisha pale panapotakiwa hesabu. Chukua dripu. Daktari ameandika mililita 1,000 kwa saa 8. Mpira wa kawaida wa dripu unatoa matone 20 kwa kila mililita moja. Unazidisha 1,000 kwa 20, unapata matone 20,000. Saa 8 ni dakika 480. Ukigawa unapata kama 42 kwa dakika. Unasimama pale na saa ya mkononi, unahesabu, unarekebisha kigurudumu cha kwenye mpira kinachoongeza au kupunguza matone, unahesabu tena. Mtu mzima aliyelea watoto na kuuguza wazazi hushawishika kukadiria kwa jicho, maana ameshaona dripu nyingi. Mtoto mdogo hutumia mpira wenye matone 60 kwa mililita, na ukikadiria hapo unaweza kumzamisha maji mwilini. Hesabu kila mara. Mwalimu wangu wa wodi, ambaye ningeweza kuwa dada yake mkubwa kwa mbali sana, alinisimamisha pembeni ya kitanda na kunihesabisha kwa sauti mbele ya wenzangu, na namshukuru.

Ukimaliza chuo kuna mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga kabla ya leseni, na bila leseni hugusi mgonjwa. Kisha kuna kipindi cha kutuma maombi na kujitolea. Weka akiba ya kipindi hicho tangu mwaka wa kwanza. Mshahara wa kuanzia ni wa anayeanza: utalipwa sawa na kijana wa miaka 23 mliyemaliza naye, hata kama ghalani ulikuwa umeshapanda. Nyumbani wanatakiwa walijue hilo kwa tarakimu kabla ya siku ya malipo ya kwanza.

Na utaongozwa na wadogo zako. Inchaji, yaani msimamizi, wa wodi yangu ya kwanza, hospitali ya misheni, alikuwa mdogo kwangu kwa miaka mingi. Nilimwita sista kama wengine, nilikabidhi ripoti kwake kama wengine, na nisichokijua nilimuuliza waziwazi. Yeye ndiye aliyenifundisha kushona msamba ukashikana vizuri, na ndiye aliyesimama nyuma yangu nilipompokea mtoto wa kwanza nikiwa na leseni yangu mwenyewe. Mpaka leo nikikwama zamu ya usiku, namba ninayoipiga kwanza ni yake.