Mtoa mada, unga na mahubiri visikutane siku moja

Mkuu simama hapo hapo usilipie kitu. Yaani vijana wa kanisa lenu mnatoka Dar mwezi wa kwanza kwenda misheni kijijini Dodoma, mmechangishana hela, unauliza muanze na neno au muanze na chakula, spika mkodi wapi, gari gani linafaa kwa barabara zile, sawa, ila kwenye ratiba uliyoweka hapo juu kuna mstari unasema "mkutano kuanzia asubuhi hadi jioni, kisha ugawaji wa unga kwa waliompokea Yesu". Huo mstari ufute leo, kabla hujafanya kitu kingine chochote. Sisi tulifanya hivyo hivyo, wilaya ya Mpwapwa, na mpaka leo nikikutana na mtu wa kile kijiji pale stendi ya Dodoma naangalia chini.

Kwetu aliyetupoteza ni mtumishi mmoja mzoefu wa mikutano ya injili, jina silitaji. Alitukalisha vijana akatufundisha kwa kujiamini kabisa kwamba ukitoa chakula mwanzo watu wanabeba wanaondoka, unabaki unahubiria viti, kwa hiyo viroba vipangwe mbele pale jukwaani vionekane, neno lihubiriwe, watu waitwe, halafu daftari la waliookoka ndo liwe daftari la unga. Tukaona mzee ana hekima ya ajabu. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba bado anazunguka na semina zake anawafundisha vijana wengine kitu kile kile, na yeye hata siku moja hajalala kwenye kijiji chenye njaa, anakuja na gari mchana, jioni ameshaondoka kwenda kulala mjini.

Sasa sikiliza mwezi wa kwanza Ugogo, yaani huko Dodoma kwa Wagogo, unakuwaje. Mvua zimeanza mwezi wa kumi na mbili, mtama na mahindi yako magotini, chakula cha mwaka jana kimeisha, mavuno ni mpaka huko mwezi wa nne wa tano. Na ndo wakati wa palizi. Mtu asiye na kitu ndani hapalilii shamba lake, anaenda kupalilia la mwenye nacho apate chochote cha kupika jioni, shamba lake linamezwa na majani, mwaka unaofuata njaa iko pale pale. Sasa mtu wa namna hiyo sisi tukamkalisha juani toka asubuhi anaangalia viroba vya sembe, kibarua hakwenda, shambani hakwenda, watoto wanalia, na spika zinapiga mapambio. Ile siku tuliwaibia, sina neno jingine.

Halafu ikaja saa ya wito. Daftari nilishika mimi. Kulikuwa na babu mmoja amekaa nyuma na mjukuu wake, amevaa kofia ya kiua, safi, imefuliwa. Watu walipoanza kwenda mbele akaivua, akaikunja vizuri, akaiweka mfuko wa koti, akaja kupanga foleni. Nikamuuliza jina akanitajia, jina la Kiislamu kuanzia la kwake mpaka la babu yake, nikaliandika. Mjukuu kasimama pembeni anamtazama. Mwenzetu kwenye maiki akapiga haleluya, watu wakashangilia. Nilijua pale pale kwamba yule mzee hajabadili dini, ana njaa, na bado niliandika.

Nyuma yake akaja mama wa kanisa la pale pale kijijini, amebatizwa toka mtoto, kwaya anaimba, akaniinamia akauliza taratibu, "Mwanangu, mimi nilishaokoka zamani, naandikwa wapi?" Daftari halikuwa na sehemu yake. Ikabidi aongozwe sala ya toba upya ndo apate kiroba. Mkuu hebu kaa na hilo dakika moja. Injili imeingia Mpwapwa na wamisionari wa CMS, shirika la misheni la Waanglikana wa Uingereza, tangu miaka ya 1870, bibi yake yule mama huenda alikuwa mkristo kabla ya bibi yangu mimi, halafu natoka Dar na spika kumtubisha kwa unga.

Ripoti tuliyotuma kwa waliotuchangia ilipendeza sana, idadi kubwa, picha, watu wakalia kwa furaha kanisani. Tuliporudi kufuatilia, wa kwenye daftari hawakuja hata wa kuhesabu. Babu yule alikuwa amesemwa msikitini na nyumbani, hataki kutuona. Mwinjilisti wa pale, mtu wa baiskeli ambaye amewazika wazazi wa watu wale na kuwabatizia watoto, akatuuliza, "Sasa mimi niwafundishe nini hawa, kwamba Mungu anaingia kwa kiroba?" Hakuna aliyemjibu.

Najua humu kuna wadau wameshaandika kwamba mtu hataishi kwa mkate tu. Kweli, Mathayo 4. Ila angalieni nani aliisema na nani alikuwa na njaa. Yesu aliisema kuhusu njaa yake mwenyewe, akimjibu Shetani. Hakuwahi kumwambia hivyo mwenye njaa mwingine. Wenye njaa aliwaambia wanafunzi "wapeni ninyi kula". Binti Yairo alipofufuka, muujiza wa kufufua mfu mzima, kitu alichoagiza ni apewe chakula. Eliya kalala chini ya mretemu anaomba afe, malaika hakuanza na somo, alimwambia inuka, ule, na akamrudia mara ya pili na chakula tena, sauti ya Mungu kule Horebu ilikuja baadaye sana.

Utaniambia kwenye Marko 6 alifundisha kwanza, mikate ikaja jioni. Sawa kabisa, lakini asubuhi hakuwaonyesha mikate, na jioni hakupitisha daftari kuuliza nani kaamini, walikula wote wakashiba. Na ukisoma Yohana 6, kesho yake walipomfuata tena aliwaambia wazi mnanitafuta kwa sababu mlikula mkashiba, akawapa neno gumu, wengi wakaondoka, na hakuwafuata na kikapu kuwarudisha. Yaani chakula kilikuwa chakula, neno likawa neno, mtu akawa huru kukubali au kuondoka.

Na mdau Muislamu aliyeuliza kwa nini tunanunua watu, sina cha kukubishia, na kwenu Surat Al-Insan imesema hivyo hivyo, wanalisha masikini na yatima na mateka kwa ajili ya Mungu, hawataki malipo wala shukrani.

Hili si jipya wala si la Afrika tu. Ireland wakati wa njaa kubwa ya viazi, 1845 mpaka 1852, kuna wahubiri wa Kiprotestanti waligawa supu pamoja na masharti ya dini kwa Wakatoliki waliokuwa wanakufa, chuki yake ikakaa vizazi. Waquaker, kundi dogo la Kikristo, nao waligawa supu kipindi hicho hicho bila kumuuliza mtu anasali wapi, na wao mpaka leo wanatajwa kwa heshima. Mwaka 1994 Msalaba Mwekundu na mashirika makubwa ya misaada waliweka kanuni kwamba msaada usitumike kuendeleza msimamo wa siasa au wa dini, na walioidhamini ni pamoja na Caritas na Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Makanisa yenyewe hayo mkuu, sio wapinga dini.

Kwa hiyo unga utangulie, wiki nzima kabla kama inawezekana. Pitieni kwa mtendaji wa kijiji na wenyeviti wa vitongoji, wao ndo wanajua kaya gani haipiki, orodha watoe wao, na wazee wa msikitini na wa makanisa yaliyopo wawepo wakati wa kugawa. Siku hiyo fulana za kanisa ziacheni Dar, maiki isiwashwe, hata sala ndefu hapana. Mtu achukue, arudi shambani kwake akapalilie. Mkutano wenu fanyeni siku nyingine, jioni watu wakishatoka shamba, na tangazeni mapema kwamba hakuna kinachogawiwa. Watakuja wachache, nakwambia mapema ili msikate tamaa, lakini hao wachache watakuwa wamekuja kusikia. Na kama hela haitoshi vyote viwili, kateni kwenye spika msikate kwenye unga, kijiji chenyewe ukisimama chini ya mbuyu ukaongea kwa sauti wanakusikia wote.

Mpigie mtendaji wiki hii, usingoje mpaka krismasi ipite, maana orodha ya kaya ikifanywa vizuri inachukua muda. Na lile daftari la waliookoka, kama mmeshalinunua, mpeni mtoto wa shule.