Barafu isiishe siku ya kwanza Natron

Mkuu pole na ile nyama iliyoharibika. Umesema deli moja (boksi la kutunza ubaridi), watu wanne, siku tatu Ziwa Natron, na safari iliyopita barafu iliisha kesho yake mchana. Nadhani kosa ni kuchanganya nyama na vinywaji humo humo, maana soda zinafuatwa kila dakika kumi na kila ukifunua joto linaingia, kwahiyo tafuta madeli mawili, la nyama lifunguliwe asubuhi na jioni tu basi.

Halafu achana na vile vibarafu vidogo vidogo, gandisha chupa za maji za lita 1.5 siku mbili kabla (usijaze hadi juu, zitapasuka friza wife akugombeze), zinachelewa kuyeyuka na zikiyeyuka mnakunywa. Nyama nayo igande kama jiwe, ifungwe vizuri, ikae chini kabisa. Nafasi ikibaki ziba na kanga au magazeti.

Mi deli naliweka kivulini halafu nalifunika gunia lililoloweshwa, Natron hewa ni kavu maji yanakauka fasta na yakikauka yanapoza, ila ukiijaribu Saadani kule pwani haifui dafu, unyevu mwingi mno. Maembe, nyanya, vitunguu wala visichukue nafasi mle.

Na nyama ikishapoteza ubaridi ikakaa zaidi ya saa moja kwenye joto la nyuzi 35 tupa tu usiinuse inuse. Siku ya tatu kuleni dagaa.