Nimeitwa mchawi kwa sababu ya nondo wakavu

SWALI: Asalaam aleikum shekhe. Naishi Tabata na wanangu wawili, baba yao tumeachana. Natengeneza viboksi vya kioo vya kutundika ukutani, ndani napanga nondo, mbawakawa, makombe ya baharini, magome, kichupa cha majani makavu, nachora mwezi na nyota. Wadudu wengi nawaokota asubuhi chini ya taa ya barazani. Wateja ni wazungu wa Masaki, wanaita mtindo wa kichawi na mimi kwenye kadi naandika hivyohivyo. Ustadhi mmoja kasema kwenye darsa hiyo ni shirki, yaani kumshirikisha Mungu, na malaika hawaingii kwangu, mwenye nyumba kaniambia nitafute pa kwenda. Hela yangu ni haramu?

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu. Nimelisoma swali lako usiku nikaliacha, asubuhi nikalirudia, na kilichoniuma siyo nondo, ni huyo mwenye nyumba.

Malaika kwanza. Hadithi ya Mtume imetaja nyumba yenye mbwa au sura, na sura ni kile binadamu anachokichonga au kukichora akiiga uumbaji wa Allah. Nondo hujamchora wewe, kaumbwa na Mola wake, umemkuta kafa ukamnyoosha mbawa kwa pini basi. Kama kukausha kiumbe na kukiweka ndani ni uchawi, huyo ustadhi aanzie na ng'onda wa soko la samaki la Feri na dagaa jikoni kwa mkewe. Angetaka kukubana angekubana kwenye fiqhi, elimu ya sheria zetu, ila naona huko hakupita. Sisi Mashafi, tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafi, wanazuoni wetu walisema wadudu hawauziki kwa kuwa hawana manufaa, halafu haohao wakawatoa nyuki, nondo wa hariri na ruba wa kunyonya damu, kwa sababu wana kazi. Umeona hukumu inazunguka wapi? Kwenye manufaa, na leo mdudu mkavu ana manufaa, anafundishia na anapamba. Kuna hoja ya najisi pia, kwetu mdudu mfu ni najisi, maimamu wa madhehebu mengine, Malik na Abu Hanifa, wanasema hapana kwa vile hana damu ya kutiririka. Ukitaka kujitoa kwenye hitilafu hiyo ya wanazuoni, mteja alipie boksi, kioo na ufundi wako, mdudu unamnyanyulia mkono tu, yaani unamwachia mteja bila kumtia kwenye bei, na njia hiyo wenyewe mafakihi wameiweka. Kwa hiyo hela yako mimi siioni haramu.

Ila usimchome mdudu pini akiwa hai, Mtume (s.a.w) kaamrisha wema hata kwenye kuchinja. Na chungu na nyuki wamekatazwa kuuliwa.

Sasa kadi. Hapa nitakukwaza kidogo dada, nivumilie. Uchawi ni katika yale madhambi saba yaangamizayo, na Qur'an imemsafisha nabii Suleiman nao, ikasema mashetani ndio waliokufuru wakiwafundisha watu uchawi, halafu wewe binti wa Kiislamu unalibandika jina hilo kwenye kazi ya mikono yako ili iuzike! Hujakufuru, maana huuamini wala huufanyi, lakini umejisingizia mwenyewe kabla watu hawajakusingizia. Ifute. Kichupa andika ni mrehani au mchaichai, na mwezi wenye nyota zake za kunuizia uache. Akija mtu akakuuliza "hii inakinga duka?" usimuuzie hata akikupa laki, huyo anatafuta hirizi na hirizi ndiyo shirki yenyewe.

Huko Ulaya vitu hivi vilianza vyumbani kwa matajiri na madaktari, na mkusanyo wa daktari Hans Sloane ndio ulioanzisha makumbusho ya British Museum, London, mwaka 1753. Ilikuwa elimu. Huu uchawi wamekuja kuupaka juu, hauna ulazima.

Narudi kwa ustadhi. Mtume kasema anayemwita nduguye kafiri, neno linamrudia mmoja wao. Sasa wewe ustadhi umesimama mbele ya watu unamtaja mwanamke asiye na mume kuwa mshirikina, nchi hii hii ambayo vikongwe wa Shinyanga na Mwanza wamekatwa mapanga kwa macho mekundu ya moshi wa kupikia? Tena Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 bado ipo, na kumsingizia mtu uchawi ni kosa humo humo. Inagusa pia kumiliki vifaa vya uchawi, na hiyo dada ni sababu nyingine ya kuichana ile kadi leo, usingoje kesho.

Kwa mwenye nyumba usiende peke yako. Mchukue mjumbe na imamu wa msikiti wenu, beba boksi moja, ulifungue mbele yao waguse, na risiti za kodi uwe nazo. Akikataa bado, hayo ya kuhama yasubiri kodi uliyolipa iishe, asikutoe na watoto usiku. Kaka yako kama yupo mjini awepo, na mimi nikipangiwa siku nitakuja.

Boksi moja nitalinunua la madrasa, watoto waone mbawa za nondo kwa karibu. Nyuki usiniwekee, labda umwokote kafa mwenyewe.